Postidoki ya uhakiki wa programu Ulaya: ulizia zana kabla ya chuo

Kila mwaka ukifika mwezi Juni, simu yangu hujaa ujumbe unaofanana. "Shikamoo Daktari. Nimeshatetea tasnifu, natafuta postidoki ya uhakiki wa programu Ulaya. Unanishauri niombe wapi?" Mara nyingi ujumbe unafuatiwa na orodha ya vyuo vilivyopangwa kwa ukubwa wa jina, kuanzia kile ambacho hata shangazi kijijini amekisikia. Postidoki, yaani kazi ya utafiti ya muda baada ya uzamivu, nimeifanya katika mji mmoja wa Ulaya ya kati, nikiwa na mume na mtoto mdogo, na sasa nimerudi Dar es Salaam nafundisha. Majibu ninayowapa vijana hawa yamekuwa marefu mno kwa simu, kwa hiyo naandika yote hapa kwa mkupuo.

Hukumu yangu naitanguliza ili asiye na muda aondoke nayo. Postidoki ya fani hii inafaa, tena inafaa sana, ila ujue kwamba anayekuajiri hasa ni zana. Kila kikundi kinachoheshimika kina programu yake kinayoijenga kwa miaka kumi au kumi na tano: kichambuzi kinachosoma msimbo wa lugha ya C bila kuuendesha, au mfumo wa kuandikia uthibitisho wa kihisabati, au kikagua modeli kinachopitia hali zote ambazo programu inaweza kuzifikia. Mkataba wako utataja chuo na idara, lakini siku zako zitaliwa na ile zana. Ikiwa ina watu wanaoitunza na watu wanaoitumia, utaandika makala nzuri na utaondoka na ujuzi wa kweli mikononi. Ikiwa imeanza kufa, utageuka muuguzi wake. Nimeona watu wenye vipaji vikubwa wakimaliza miaka miwili hawana la kuonyesha, na tatizo halikuwa wao.

Kwa wasioijua fani yenyewe, mfano ambao walimu wengi huanza nao ni roketi ya Ariane 5. Tarehe 4 Juni 1996 iliruka kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, na haikumaliza dakika moja kabla ya kusambaratika angani. Programu ya uelekezaji ilikuwa imejaribu kuigeuza namba ya desimali ya biti 64 kuwa namba kamili ya biti 16. Namba haikuenea. Kompyuta ya akiba ikazima, na kompyuta kuu ikazima vilevile, kwa sababu zote mbili zilikuwa zinaendesha programu ileile. Uhakiki ni kazi ya kuonyesha mapema, kabla programu haijaendeshwa, kwamba kosa la namna hiyo haliwezi kutokea kwa ingizo lolote lile, hata lile ambalo hakuna mjaribu aliyelifikiria. Miaka michache baadaye kikundi cha Patrick Cousot pale École normale supérieure, Paris, kilijenga kichambuzi kinachoitwa Astrée. Mwaka 2003 kichambuzi hicho kikathibitisha kwamba programu kuu ya kuongozea ndege ya Airbus A340, yenye mistari 132,000 ya C, haina kosa hata moja la aina hiyo. Nadharia iliyo chini ya Astrée waliitoa mwaka 1977 watu wawili, mtu na mkewe, Patrick na Radhia Cousot. Radhia alizaliwa Tunisia. Huwa nawaambia wanafunzi wangu wa kike jambo hilo siku ya kwanza ya kozi, na huwa naona migongo ikinyooka.

Mimi kilichonivuta kilikuwa karibu zaidi ya roketi. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaja kwetu mwaka uliofuata, na leo ada ya shule, mtaji wa mama ntilie na rambirambi za msiba vyote vinapita ndani ya msimbo ambao mwenye fedha hauoni. Miamala miwili ikiigusa akaunti moja kwa wakati mmoja, ni kitu gani kinazuia salio lisipotee? Jibu la "tumeshaijaribu, inafanya kazi" halijawahi kunitosha. Uzamivu wangu niliufanya nusu huku nyumbani na nusu Sweden, juu ya swali hilohilo, na ndilo lililonipeleka kwenye postidoki.

Sasa kazi yenyewe ikoje siku kwa siku? Nichukue jioni moja ya vuli. Kuna mashindano ya kila mwaka ya vihakiki yanayoitwa SV-COMP. Yalianza mwaka 2012 na yanaratibiwa na Dirk Beyer wa chuo kikuu cha LMU, München. Zana hupewa zaidi ya programu 30,000 za C, na kwa kila moja inaruhusiwa dakika 15 za prosesa na gigabaiti 15 za kumbukumbu, kisha iseme: salama, au ina kosa. Ukikamata kosa la kweli unapata alama 1. Ukithibitisha usalama wa kweli unapata 2. Ukipiga kengele ya uongo, yaani kudai kosa ambalo halipo, unapoteza 16. Ukisema "salama" kwenye programu yenye kosa, unapoteza 32. Napenda sana jedwali hilo la alama, kwa kuwa linasema wazi kitu ambacho fani nzima inakiamini: kumpa mtu uhakika wa uongo ni kubaya kuliko kumwambia hujui.

Jioni hiyo matokeo ya majaribio ya awali yaliingia, na upande wetu wa jedwali kulikuwa na kisanduku kimoja chekundu. Zana yetu ilikuwa imesema "salama" kwa programu fupi ambayo ingeenea kwenye ukurasa mmoja. Nyuzi mbili, yaani sehemu mbili za programu moja, zinaendeshwa sambamba, moja inaongeza kaunta, nyingine inaipunguza, na kila moja inashika kufuli, alama ya kuizuia nyingine kwa wakati huo, kabla ya kuigusa. Kila moja ilishika kufuli, hilo ni kweli. Lakini zilikuwa kufuli mbili tofauti, zimehifadhiwa ndani ya safu moja, yaani orodha ya vitu vilivyopewa namba, na kichambuzi chetu kilichukulia kila kilichomo ndani ya safu kuwa kitu kimoja. Kwa macho yake nyuzi zote mbili zilishika kufuli moja, hivyo haziwezi kugongana. Mwenzangu, kijana wa Kislovakia ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alivuta kiti akakaa pembeni yangu, tukachora hali ya kumbukumbu kwenye ubao hatua kwa hatua, halafu tukaingia kwenye msimbo kutafuta mahali dhana hiyo ilipoandikwa. Tuliikuta saa nne usiku, ndani ya faili ambalo halikuwa limeguswa kwa miaka: mstari uliolinganisha jina la safu bila kuangalia ni kufuli ya ngapi.

Kurekebisha ilikuwa mistari michache tu. Matokeo yake ndiyo yaliyotutoa jasho. Kichambuzi kikawa na tahadhari zaidi, na programu nyingi zilizokuwa "salama" zikageuka "sijui". Wiki zilizofuata tulikaa kuzirudisha kwa hoja sahihi: lini unaweza kuwa na uhakika kwamba kufuli ya nafasi hii na kufuli ya nafasi ile ni moja, hata kama hujui namba ya nafasi yenyewe. Hoja hiyo ndiyo iliyozaa makala yetu. Ukiiondoa kaunta ukaweka salio, na zile nyuzi mbili zikawa miamala miwili, umefika Kariakoo saa kumi jioni. Kwa siku za namna hiyo naipa kazi hii nyota zote tano bila kusita.

Nyota moja naipunguza, na sababu ni hii. Mtu aliyeandika sehemu kubwa ya kichambuzi chetu aliondoka katikati ya muda wangu, akaenda kwenye kampuni. Alikuwa mtu mwema na hakuficha kitu, lakini namna kichambuzi kinavyoiona kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa kichwani mwake, haikuwa kwenye karatasi yoyote. Wanafunzi wa uzamivu walikuwa wanamaliza mmoja mmoja. Mradi uliokuwa unanilipa ulifika mwisho, na mkataba wangu ukawa unaongezwa vipande vya miezi mitatu mitatu. Asiyewahi kuishi ugenini na familia anaweza kudhani ni usumbufu wa makaratasi tu. Kibali cha ukaazi hufuata mkataba, mwenye nyumba hutaka kuona kibali, shule ya chekechea hutaka kuona anwani. Kila robo ya mwaka maisha yetu yote yalikuwa yanaombwa upya. Mwenyeji wangu, yaani profesa aliyenipokea, alijitahidi, sina kinyongo naye, ila yote hayo yangeweza kujulikana kabla ya kusaini, kama yangeulizwa.

Kwa hiyo uliza. Kwanza, fungua mwenyewe hazina ya msimbo wa zana hiyo, maana nyingi ziko wazi kwa umma, na usome nani ameandika nini mwaka uliopita. Ukikuta jina moja limebeba kila kitu, muulize mwenyeji jina hilo litakuwepo mpaka lini. Uliza nani nje ya kikundi anaitumia: kampuni, mradi wa programu huria, kikundi kingine. Uliza fedha zinazokulipa zinaisha tarehe gani na nini kinafuata baada ya hapo. Halafu uliza, kwa adabu lakini bila kuzungukazunguka, ni siku ngapi za wiki zitakuwa za utafiti wako mwenyewe na ngapi za kuhudumia zana. Profesa mmoja niliyefanya naye usaili baadaye, nilipofika kwenye swali la watunzaji, alishiriki skrini yake, akafungua kumbukumbu za mabadiliko, akaniambia, "Huyu anaondoka Machi, huyu ana mkataba wa kudumu, na hapa ndipo tunapokuhitaji." Dakika kumi nikawa najua zaidi ya ambayo ukurasa wowote wa matangazo ungeniambia. Mwenyeji wa namna hiyo mshike. Anayekasirikia swali hilo amekwisha kukujibu.

Kuhusu mahali, nianze na Saarbrücken, mji mdogo wa Ujerumani ulioko mpakani na Ufaransa, maana ndiko wengi wenye shauku ya uthibitisho mzito wanakoelekea, na wana haki. Taasisi ya Max Planck ya Mifumo ya Programu, MPI-SWS, ina ofisi huko na nyingine Kaiserslautern, na lugha ya kazi ni Kiingereza. Kikundi cha Derek Dreyer ndicho kilichotoa RustBelt mwaka 2018, uthibitisho wa kihisabati kwamba ahadi za usalama za lugha ya programu ya Rust zinasimama, hata pale maktaba zake za msimbo zinapotumia sehemu zisizolindwa na kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine. Wamejenga hoja yao juu ya mfumo wa uthibitisho wa Iris, na Iris leo inatumiwa na vikundi vingi duniani. Hiyo ndiyo maana yangu ya zana iliyo hai. Chuo kikuu cha huko kiko msituni nje kidogo ya mji, tramu ya mji inavuka mpaka hadi Sarreguemines upande wa Ufaransa, na Astrée niliyoitaja juu inauzwa na kampuni ya hapohapo, AbsInt.

Madrid kuna taasisi ya utafiti ya IMDEA Software, kwenye kampasi ya Montegancedo, nako Kiingereza kinatosha ofisini na jua halikosekani. Nje ya Vienna kuna ISTA, pale Klosterneuburg, taasisi changa iliyofunguliwa mwaka 2009 na yenye watu wakali wa nadharia. Zurich kuna kikundi cha Peter Müller pale chuo kikuu cha ETH, wenye zana ya Viper, na ya Prusti ya kuhakiki programu za Rust. Mshahara wa Uswisi ni mkubwa, na kodi ya nyumba inaujua mshahara huo. Ufaransa kuna Inria, taasisi ya taifa ya utafiti wa kompyuta, ambako Xavier Leroy na wenzake walijenga CompCert, kompaila ya C iliyokuja na uthibitisho wake. Huko Kifaransa utakihitaji mara tu utakapotoka mlango wa maabara.

Lakini mahali ninapowasukuma vijana, na wananitazama kana kwamba nawapunja, ni Brno na Tartu.

Tartu ni mji wa chuo kusini mwa Estonia. Kichambuzi cha Goblint kinaendelezwa huko kwa ushirikiano na chuo cha ufundi cha München, na kazi yake kuu ni kukagua nyuzi zinazogombania data, yaani ugonjwa uleule wa salio na miamala miwili. Brno, Jamhuri ya Cheki, ina vyuo viwili vyenye watu wa fani hii: Chuo Kikuu cha Masaryk, nyumbani kwa zana ya Symbiotic, na chuo cha ufundi cha Brno chenye kikundi cha VeriFIT. Zana za huko zimesimama jukwaani SV-COMP zikishindana na za vyuo vyenye majina makubwa, na hazikuaibika. Kodi ya nyumba ni nafuu kuliko Zurich au Paris kwa mbali, profesa ana muda wa kukaa na wewe ubaoni, na zana zina vizazi vya wanafunzi wanaozijua ndani nje. Shangazi kijijini hatayajua majina hayo. Watu watakaosoma makala zako wanayajua vizuri.

Kuna na faida ya fedha ambayo wengi hawaijui, na hapo niingie kwenye njia za kulipiwa.

Njia ya kwanza ni ajira ya kawaida ndani ya mradi wa profesa. Ujerumani hiyo huwa ni ngazi ya E13 kwenye jedwali la mishahara ya umma, jedwali ambalo kila mtu anaweza kulisoma, kwa hiyo hakuna kujadiliana gizani. Zaidi ya theluthi ya mshahara huishia kwenye kodi, bima ya afya na pensheni, lakini likizo ni siku 30 kwa mwaka na bima inamhudumia mtoto vizuri. Kuhusu pensheni, usiache fedha yako huko. Mtanzania aliyechangia chini ya miezi 60, akishakaa nje ya Umoja wa Ulaya miezi 24, anaweza kuomba arudishiwe sehemu aliyokatwa yeye mwenyewe. Nakutana na watu waliorudi nyumbani miaka mingi iliyopita na hawajawahi kuambiwa jambo hili.

Njia ya pili ni wakfu wa Alexander von Humboldt, ambao hupokea maombi mwaka mzima. Ni msaada wa masomo, si ajira, kwa hiyo hukatwi kodi, ila bima ya afya unajipangia na pensheni haipo. Kwa asiye na familia ni njia nzuri sana.

Njia ya tatu ndiyo inayowatoa watu jasho: ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie, wa Umoja wa Ulaya. Aina yake ya kukaa ndani ya Ulaya inalipia hadi miaka miwili, na uzuri wake ni kwamba mradi ni wako. Unauandika wewe kwa kushirikiana na mwenyeji, fedha zinakuja kwa jina lako, chuo kinalazimika kukupa mkataba kamili, na mwenye familia ana posho ya familia. Hakuna mtu wa kukuongezea miezi mitatu mitatu. Masharti yake yasome kwa makini: uwe na uzamivu siku ya mwisho ya maombi, usiwe na zaidi ya miaka 8 ya utafiti tangu uupate, na usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi ya mwenyeji kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Sharti hili la mwisho linawakata wengi waliosomea uzamivu hukohuko. Kwa aliyesomea Dar, Nairobi au Arusha ni mlango uliofunguka wenyewe: karibu Ulaya nzima iko wazi kwake.

Maombi hufungwa Septemba, na majibu hutoka Februari. Kiini cha andiko hakizidi kurasa 10. Nusu ya alama ni ubora wa sayansi, asilimia 30 ni matokeo yatakayoonekana, asilimia 20 ni mpango wa kazi. Wanasayansi wetu huandika kurasa nane za sayansi na kuzibana zile sehemu mbili nyingine mwishoni, wakati zimebeba nusu ya alama. Ushindani si mdogo: mwaka 2024 maombi yalizidi 10,000, na mwaka 2025 yakazidi 17,000. Andiko likipata alama za chini mno, huruhusiwi kurudi na mwenyeji yuleyule mwaka unaofuata, kwa hiyo soma kiwango kilichowekwa mwaka huo. Sasa ile faida niliyoitaja. Ukiomba kwenda Estonia, Cheki, Ureno, Slovenia na nchi nyingine ambazo Umoja wa Ulaya unataka kuziinua kiutafiti, unaweza kuridhia andiko lako liingizwe pia kwenye mfuko wa pili, ERA Fellowships. Andiko moja, nafasi mbili. Aliyeomba Paris au München hana mfuko huo. Ndiyo maana nasema Brno na Tartu, na nasema kwa kumaanisha.

Uingereza na Marekani nitayapita haraka. Uingereza ina watu bora wa fani hii, lakini ada ya afya kwa anayeomba viza ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto, na hulipwa kwa miaka yote ya viza kwa pamoja, kabla hujapanda ndege. Muulize mwenyeji, kwa maandishi, kama chuo kinairudisha. Marekani, viza ya J-1 inaweza kuja na sharti la kurudi kukaa nyumbani miaka 2 kabla ya kuruhusiwa aina nyingine za viza za kazi. Likikuhusu huandikwa kwenye viza yenyewe, lisome siku hiyohiyo.

Mwenye familia, Ujerumani inastahili sifa kwa jambo moja. Mwenza wa mtafiti haulizwi cheti cha Kijerumani kabla ya kumfuata, na akifika anaruhusiwa kufanya kazi. Chekechea ndiyo inayosumbua Ulaya karibu yote: foleni ni ndefu, jiandikishe mara tu mkataba unaposainiwa, hata kabla ya viza. Baridi utaizoea. Giza la saa kumi jioni mwezi Desemba ni gumu zaidi kuliko baridi, hasa kwa mwenza ambaye bado hajapata kazi. Mume wangu aliokolewa na darasa la lugha la asubuhi na timu ya mpira ya mtaani, na nawashauri wenza wote watafute kitu cha kuwatoa nje kabla ya Novemba.

Kuna jambo la kurudi nyumbani ambalo sijaliona likiandikwa popote. Kamati zetu za kupandisha vyeo huhesabu majarida, na makala za mikutano huzitazama kwa mashaka. Fani yetu mambo yake makubwa huyatoa kwenye mikutano: POPL, PLDI, OOPSLA, CAV, TACAS. Mtu anaweza kurudi na makala ya CAV, inayoheshimiwa dunia nzima, akaambiwa si jarida. Dawa ipo. Makala za POPL, PLDI na OOPSLA sasa hutoka ndani ya jarida rasmi, Proceedings of the ACM on Programming Languages, lenye namba ya juzuu na kila kitu, na ni huria kwa kila msomaji. Kabla ya kuchagua mwenyeji, tazama wapi kikundi chake kinachapisha. Kama wote ni watu wa CAV na TACAS, kubaliana naye tangu mwanzo kwamba angalau kazi moja itapanuliwa kwa ajili ya jarida kabla hujaondoka. Wenyeji wengi hawana habari na kamati zetu, lakini ukiwaeleza wanaelewa mara moja.

Na barua ya kwanza kwa mwenyeji. Vijana hunitumia rasimu zenye aya tatu za sifa zao na aya moja ya kumsifu profesa. Zipunguze zote. Barua iliyonipatia mwenyeji ilikuwa na sentensi mbili za utambulisho, na iliyobaki ilikuwa ripoti ya hitilafu. Nilikuwa nimepakua zana yao, nimeiendesha juu ya msimbo mdogo wa kushughulikia miamala niliokuwa nao tangu tasnifu, nikapata kengele ambazo nyingi zilikuwa za uongo, nikaipunguza programu mpaka ikabaki mistari kumi na tano inayoitoa kengele ileile, na nikaeleza nadhani kosa liko wapi. Nilijibiwa kesho yake asubuhi, na jibu halikugusa wasifu wangu. Aliuliza kama ninaweza kuongea Ijumaa, na kama ninayo mifano mingine.